Simu ilirekodi fremu 30, mradi uko 24, na sehemu ya kubadilisha haibofyeki

SWALI: Nahariri video ya harusi kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video kwenye kompyuta. Nilirekodi kwa simu, fremu (yaani picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde. Nimeshakata karibu saa nzima ndipo nikaona watu wakicheza mwendo unakwamakwama, na kamera ikigeuka picha inashtuka. Kwenye mipangilio ya mradi nimekuta 24, lakini pale pa kubadilishia pamekuwa pa kijivu. Nianze upya?

JIBU: Usianze upya, dada. Hifadhi mradi, kisha tengeneza taimulaini mpya (ule mstari unaopangia vipande vya video). Kwenye kidirisha kitakachofunguka kuna kisanduku kimeandikwa Use Project Settings, ondoa tiki. Hapo ndipo vichupo vingine vinajitokeza (kwa nini vifichwe nyuma ya tiki moja, sijui). Ingia Format, weka fremu 30, ukubali. Rudi taimulaini ya zamani, chagua vyote, nakili, nenda kwenye mpya, peleka kishale cha taimulaini mwanzo kabisa, bandika. Baada ya hapo pitia maungio yako, hasa pale ulipokata kufuata mdundo wa ngoma, kwa sababu mengine yanaweza kusogea kwa fremu moja na kuacha mwanya mweusi. Ya zamani usiifute mpaka umalize.

Kukwamakwama kwenyewe ni hesabu tu. Ukiingiza fremu 30 kwenye sekunde yenye nafasi 24, kila fremu ya tano inatupwa. Mtu akiwa amekaa huoni kitu. Akianza kucheza, mwili unaruka hatua. Mimi niliwahi kumkabidhi bwana harusi video nzima ya namna hiyo, nikamwambia televisheni yake ndiyo mbovu. Haikuwa mbovu.

Kwa nini 24? Hiyo ni kasi ya sinema tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti. Resolve nayo, kabla Blackmagic Design, wenye programu hii sasa, haijainunua kampuni ya da Vinci mwaka 2009, ilikuwa mtambo ghali wa kurekebisha rangi za filamu na matangazo. Kwa mwenye kamera ya sinema, 24 ni jambo la kawaida. Kwa mpiga picha wa harusi mwenye simu ni mtego.

Kufungwa kwa namba hiyo kuna sababu, nami naikubali. Programu inapima kila kitu kwa fremu: fremu ya 100 kwenye kasi ya 24 iko sekunde ya nne na ushee, kwenye kasi ya 30 iko sekunde ya tatu na ushee. Ukibadilisha katikati ya kazi, kila ulichokata kinahama. Nisichokubali ni ukimya. Ulipoburuta klipu (kipande cha video) ya kwanza kiliruka kidirisha kikiuliza kama ubadilishe kasi ya mradi ifuate klipu. Nina hakika ulibofya kukataa bila kusoma, kama tunavyofanya wengi, na swali hilo halirudi tena. Baadaye unakuta rangi ya kijivu isiyosema kwa nini imezimwa wala upite wapi. Sentensi moja pale ingetosha. Shotcut, programu nyingine ya kuhariri video ambayo ni ya bure, ikiachwa kwenye hali yake ya awali huchukua kasi ya klipu ya kwanza yenyewe.

Ili yasijirudie, fungua mradi mtupu, weka kasi unayotumia siku zote, kisha kwenye vidoti vitatu juu ya dirisha la mipangilio chagua Set Current Settings as Default Preset. Miradi mipya itazaliwa nayo.

Ila kabla hujaweka 30 huko, fikiria 25. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa kwa kuufuata. Ukirekodi 30 kwa shata (muda kamera inaoruhusu mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/60, unapata ile michirizi inayopanda na kushuka ukutani. Ukirekodi 25 kwa shata ya 1/50 mara nyingi inatoweka. Kwenye iPhone kasi ya 25 imefichwa: nenda mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe Show PAL Formats.

Jambo la mwisho, kwa kuwa ulitumia simu. Simu nyingi zinasema 30 lakini kasi inapanda na kushuka, hasa mwanga ukipungua. Ukiona mdomo na sauti vinaachana kadiri hotuba inavyoendelea, usihangaike kuisogeza sauti kipande kwa kipande. Pitisha faili la simu kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua Constant Framerate, ndipo uliingize kwenye mradi.