Settings na Control Panel: nishike ipi?

Swali: Assalamu alaikum fundi. Nina saiba ndogo hapa Kongowea, kompyuta zangu ni Windows 10 na moja ya 11. Nikitaka kuipa mashine anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, au mteja wa usaili wa video akiwa hasikiki, mara najikuta Settings, mara Control Panel. Kwa nini ziko mbili, na nishike ipi?

Jibu: Waalaikum salaam, dada. Hujapotea. Microsoft walianza kuhamisha mipangilio ya Windows kutoka Control Panel kwenda Settings mwaka 2012, na hadi leo vyombo vingine vingali kule kule.

Control Panel imo tangu Windows ya kwanza ya 1985. Nyingi ya ikoni zake zilikuja kuwa faili dogo lenye mkia wa .cpl, na kampuni yoyote ya printa, kadi ya sauti au kipanya iliweza kutumbukiza la kwake. Ikajaa. Kwenye Windows XP ikapangwa kwa mafungu, mpangilio ambao mafundi wengi tulikuwa tukiuzima mara tu tukimaliza kuweka Windows.

Settings ililetwa na Windows 8, mwaka huo wa 2012, wakati skrini za kugusa ndizo zilizokuwa zikisakwa: maandishi makubwa, nafasi ya kidole, machaguo machache. Ilipofika Windows 10, mwaka 2015, ikawa ndio mlango mkuu. Lakini kila ukurasa unaohamishwa sharti uandikwe upya, na ukiifuta ile ya zamani kwa mkupuo, programu na draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) zinazoitegemea zitakwama. Apple hawakungoja: macOS Ventura ya 2022 iligeuza mipangilio yote kuwa orodha ndefu mithili ya iPhone, na wenye Mac wengi wakanuna.

Kwa kazi za kila siku, yaani Wi-Fi, lugha, printa na masasisho, anzia Settings (bonyeza Windows na I). Kwa IP, mimi bado napita njia ya zamani: Windows na R, andika ncpa.cpl, kadi zote za mtandao zinatokea pamoja. Inakubali kwenye 10 na 11. Settings nayo inaweza, ila ile ya Windows 10 ina mtego. Pale inapouliza "Subnet prefix length" inataka namba fupi, 24; ukiandika mask ndefu ya 255.255.255.0 ulivyozoea, inakataa kuhifadhi wala haikuambii kosa liko wapi.

Maikrofoni ni kinyume chake. Usianzie mmsys.cpl, dirisha la sauti la Control Panel, hata kama ndiyo yenye vidude vingi vya sauti. Ruhusa ya programu kutumia maikrofoni iko Settings peke yake, upande wa Privacy, na ikiwa imezimwa, Control Panel haitakuonyesha chochote: kifaa kitaonekana kizima kabisa huku mteja wako akiongea peke yake.