Potasiamu na maji ya kuchanganyia dawa droo moja

Sista wa Moshi, umeuliza kama lebo nyekundu inatosha pale ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) za potasiamu kloraidi zinapokaa droo moja na za maji ya kuchanganyia dawa. Haitoshi. Usiku wa manane, mgonjwa amebadilika ghafla, mkono unafuata umbo uliouzoea. Lebo nani anaisoma? Ampuli za potasiamu ziondoeni wodini kabisa, zikae famasi kwenye kabati la kufuli. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina takriban milimoli 20 (kipimo cha kiasi) za potasiamu. Ikisukumwa moja kwa moja mshipani, moyo unaweza kusimama palepale.

Wengi hukosea pia kuichoma kwenye dripu iliyokwisha kutundikwa. Potasiamu ni nzito, inazama kwenye mdomo wa chupa, na mgonjwa anapokea karibu yote mwanzoni. Shusha dripu, changanya, pindua chupa angalau mara 10, ndipo utundike. Kwa mtu mzima, mshipa wa mkononi, msizidi milimoli 10 kwa saa wala 40 kwa lita.

Na hiyo ampuli ya potasiamu uliyonieleza, iliyochukuliwa kimakosa mkainasa juzi kabla haijachomwa, andikeni ripoti bila jina la aliyekosea. Mkimtaja, kosa la pili hamtalisikia.