Mleta uzi, hizo damu za Dar ziache kwenye friza

Nimesoma swali lako mpaka aya ya tatu, chai ikapoa mezani. Unauliza ukasomee wapi jenetiki ya kinga ya mwili, ufadhili unapatikanaje, na kama Bongo kuna ajira ya kueleweka. Halafu katikati hapo, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, umeandika kwamba wagonjwa wako wa baridi yabisi utawachukua Mwanza, na wazima wa kulinganisha nao "tayari wapo, damu 200 za wachangiaji wa Dar, zimo kwenye friza, bure".

Bure! Mdogo wangu, bure ya namna hiyo ilinila miaka mitatu.

Mimi nilikuwa nasaka jeni za HLA kwa wagonjwa wa TB. Kwa wapita njia: HLA ni zile jeni za kromosomu ya 6 zinazotengeneza kama sinia hivi juu ya seli, seli inaweka vipande vya kijidudu pale, askari wa kinga wanapita wanakagua. Sinia langu na lako hayafanani, ndiyo maana figo ya mtu haikubali kila mwili. Swali langu lilikuwa tamu: kwa nini watu wawili walale chumba kimoja, mmoja augue TB na mwenzake asiugue?

Wagonjwa niliwapata Tanga, mtaa kwa mtaa, nikihema. Kwenye kontroli, yaani wale wazima wa kulinganisha nao, msimamizi wangu akaniita ofisini, akasema Arusha kuna damu za wanafunzi wa sekondari waliochangia, zimebaki, nenda kachukue. Nikauliza, mzee, watu wa Arusha na wa Tanga si tofauti? Akacheka. "Damu ni damu. Mtanzania ni Mtanzania." Kwenye dodoso nilikuwa nimeweka swali la kabila, akalikata kwa peni nyekundu: "Sisi hatuulizani makabila." Kizalendo kabisa. Nikatoka pale nimefurahi, nimeokoa miezi sita.

Nikazifuata na basi. Mirija ya kifuniko cha zambarau, ndani ya boksi la barafu, nimeipakata kama mtoto. Konda akauliza, "Nyama hiyo?" Nikamwambia damu. Kuanzia Moshi mpaka Muheza sikuwa na jirani kwenye siti, na pale Mombo watu waliposhuka kula hakuna aliyeniomba nimwangalizie mzigo. Nikajiona mwanasayansi.

Matokeo yakatoka mazuri kupita kiasi, na hapo ndipo ningeshtuka. Aleli moja, yaani toleo moja, la HLA-B (mojawapo ya hizo jeni za HLA) ilijaa kwa wagonjwa na kwa wazima haionekani. Thamani ya p, ile namba inayosema ni rahisi kiasi gani tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu, ina sifuri nyingi kama bei ya kiwanja Mbezi. Mtaalamu wa takwimu kwenye semina akaniambia p ndogo hivyo haiwezi kudanganya. Natamani nimkute leo. P haikudanganya ndugu yangu, ilisema kweli tupu: makundi haya mawili yana tofauti. Ila hatukuiuliza tofauti ya nini.

Aliyenizindua ni dada mmoja wa maabara ya jirani, ananisikiliza kantini najitapa, anakula zake ndizi nyama. Akauliza, "Kwenye hizo hizo damu, umepima kitu kisichohusiana kabisa na TB?" Kwa kumwonyesha tu, nikapima jeni ya selimundu. Hiyo iko kromosomu ya 11, na HLA haifahamiani nayo hata kwa salamu. Kwa hesabu zangu, selimundu ilikuwa "inasababisha" TB. Nikapima na alama ile ya jeni iliyochapishwa mwaka 2007 ya wafugaji wa Kenya na Tanzania, ile inayomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa, kromosomu ya 2. Nayo "inakinga" TB. Yaani kwa utafiti wangu, wizara ingegawa mtindi tufunge wodi.

Nilikaa chini. Kumbe nilichopima mwanzo mwisho ni umbali kutoka Tanga mpaka Arusha. Ningetumia ramani, ingekuwa rahisi zaidi.

Na si kwamba hakuna aliyejua. Mtafiti Anthony Allison alionyesha tangu 1954 kwamba selimundu Afrika Mashariki imefuata malaria: mwambao na kandokando ya Ziwa Victoria ipo tele, nyanda za juu haba. Na kuna ule utafiti wa 1988 wa Knowler na wenzake, Arizona kule Marekani, kwa kabila la Wapima, wenyeji wa asili wa huko. Walishika jeni za Gm, za kingamwili, yaani za kinga kabisa kama zetu. Wenye aina fulani ya Gm walikuwa na kisukari asilimia 8, wasio nayo asilimia 29. Ungesema dawa ya kisukari imepatikana. Kumbe ile Gm ilikuwa alama ya kuwa na babu Mzungu tu. Walipowalinganisha watu wenye asili sawa, tofauti ikayeyuka. Utafiti huo ulikuwepo, ulisomeka, na msimamizi wangu alikuwa na mvi wakati mimi nanunua kaptula za shule.

Sasa hapa kwetu ndiyo usiseme. Nchi hii moja ina wasemaji wa Kibantu, wa lugha za Kinailoti, wa Kikushi kama Wairaqw, halafu Wahadzabe na Wasandawe. Na jeni za kinga ndizo zinazotofautiana sana, kwa sababu kila mahali palikuwa na magonjwa yake yakichuja watu kwa maelfu ya miaka. Mwalimu alitufundisha tusiwe na ukabila, na alikuwa sahihi kabisa, ila HLA inakumbuka bibi yako alizaliwa wapi.

Najua utanijibu utarekebisha kwa programu. Ndiyo, unapima maelfu ya alama kwenye jenomu, yaani urithi wote wa mtu, kompyuta inawapanga watu kwa asili zao, hesabu inasawazishwa. Naitumia kila wiki, inafanya kazi. Lakini inataka wagonjwa na wazima wawe wamechanganyika. Wangu walikuwa wagonjwa wote huku, wazima wote kule. Ukiondoa tofauti ya mahali umeondoa na tofauti ya ugonjwa, inabaki karatasi nyeupe. Nilijaribu wiki mbili, usiku na mchana. Nyeupe. Na wewe Dar yako ni balaa la aina yake, nchi nzima imehamia pale, hujui hata unalinganisha na nani.

Na usiniletee habari za aleli ya HLA-B27 na ule ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo, kwamba 1973 waliiona na wagonjwa wachache tu. B27 athari yake ni kubwa, ni tembo, tembo anaonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Mimi na wewe tunatafuta sisimizi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeilipia, ichukue: mzima wako achote maji bomba moja na mgonjwa wako. Ukimaliza kumtoa mgonjwa damu, muulize jirani yake ni nani, umfuate, umri na jinsia viendane. Kama wazazi wa mgonjwa wapo hai na wanakubali, wapime wao: aleli ambazo hawakumrithisha mtoto ndizo kontroli yako, na hapo suala la asili halikusumbui tena. Kabila usiliulize hivyo mkavu, watu watakuona wa ajabu, na wana haki. Uliza babu wawili na bibi wawili walizaliwa wapi na bibi alikuwa anaongea lugha gani nyumbani. Wazee wanalipenda hilo swali, jiandae kukaa saa nzima.

Mimi nilirudia kontroli wote, safari hii Tanga ileile, nyumba kwa nyumba. Ile aleli yangu nzuri ikaenda na maji. Msimamizi akasema "sayansi ndivyo ilivyo" na akaendelea kunywa kahawa yake.

Habari ya chuo na ufadhili nitarudi kesho, LUKU inasoma uniti mbili hapa. Ila kabla hujalala nijibu: hilo dodoso umeshalichapa?