Swali la lugha: Oliver Ellsworth alikuwa hakimu au jaji?

Swali: Katika makala yangu nimeandika: "Mwaka 1796 mwanasheria huyu wa Connecticut alichaguliwa na George Washington kuwa Hakimu Mkuu wa Mahakama Kuu ya Marekani." Mhariri ameikatakata sentensi hiyo. Nimekosea wapi?

Jibu: Sarufi yako ni safi, tatizo ni istilahi.

Hakimu, hukumu na mahakama zina mzizi mmoja wa Kiarabu, na zamani kila aliyeketi kuamua kesi aliweza kuitwa hakimu. Leo Tanzania na Kenya hutofautisha kwa ngazi: hakimu ni wa mahakama za chini, kama Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya kwa Tanzania, kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu ni jaji. Kwa hiyo Ellsworth ni Jaji Mkuu. Wingi ni majaji wakuu, si "majaji makuu", kwa kuwa ni watu.

"Mahakama Kuu" nayo inapotosha. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anajua kwamba juu yake kuna mahakama ya rufaa, hivyo atadhani uamuzi wa Ellsworth uliweza kupelekwa mbele zaidi. Andika Mahakama ya Juu.

Kosa zito kuliko yote ni "alichaguliwa". Ellsworth alichaguliwa kweli, lakini kuwa seneta, tena na bunge la Connecticut, kwa sababu enzi hizo wananchi hawakuwapigia maseneta kura. Jaji huteuliwa na rais, kisha Seneti humthibitisha, na hatua hizo mbili zisichanganywe. John Rutledge aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 1795 na hata akaanza kazi, lakini Desemba Seneti ikamkataa. William Cushing aliteuliwa, akathibitishwa, kisha yeye mwenyewe akaukataa wadhifa. Ndipo ikaja zamu ya Ellsworth. Ukiandika "aliteuliwa" na kuishia hapo, msomaji hawezi kuwatofautisha watu hao watatu.

"Mwanasheria" si kosa, ila wakili ni bora: tangu 1771 alikuwa na idhini ya kutetea watu mahakamani, na si kila aliyesomea sheria anayo.

Sentensi yako iwe hivi: "Machi 1796 Rais George Washington alimteua wakili na seneta huyu wa Connecticut kuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na Seneti ikamthibitisha."

Ukifika mwaka 1800, andika "alijiuzulu", si "alistaafu". Alikuwa Ufaransa kama mjumbe wa serikali yake, mgonjwa, alipotuma barua ya kuacha kazi.