Undo si kufuta

Swali la wiki hii lilikuwa: ni kitenzi gani cha Kiingereza tunachokitumia kila siku huku tukikielewa nusu? Jibu langu ni undo.

Wengi wamekizoea kwenye kompyuta, kwa vitufe vya Ctrl na Z, na ukiwauliza maana yake watakwambia "kufuta". Sikubali hata kidogo. Ukifuta aya kwa bahati mbaya kisha ukabonyeza vitufe hivyo, aya inarudi. Kufuta gani huko kunakorudisha kilichofutwa? Undo hurejesha jambo lilivyokuwa kabla hujaligusa: uliloandika linaondoka, uliloondoa linarudi. Ndiyo maana nafurahi kila nionapo programu iliyoandika "Tendua".

Neno hilo limetoka katika kauli yetu wenyewe ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kwa hiyo pale Mwingereza anapotosheka na undo, sisi tunatazama kwanza kilichofanywa. Kifungo cha shati tunakifungua, nywele zilizosukwa tunazifumua, mtego tunautegua, uamuzi tunautengua kama vile udhu unavyotenguka. (Si kila -ua hupindua maana, lakini. Kumkama ng'ombe na kumkamua ni kazi ileile.)

Uangalifu unahitajika zaidi kwenye mambo yasiyoshikika. Undo ikihusu madhara, ni habari njema: madhara yameondolewa, mambo yametengemaa. Ikihusu kazi ya miaka mingi, ni kilio: mtu ameibomoa. Kitenzi ni hichohicho, ila uzuri au ubaya wake unatokana na kile kilichotenguliwa. Zamani Waingereza waliweza hata kusema mtu mwenyewe yuko undone, maana yake ameangamia.

Na hilo undone ndilo linaloponza wafasiri. Kamba ya kiatu ikiwa undone, imefunguka. Kazi ikiachwa undone, haijafanywa. Hapo un- inakanusha tu, haipindui kitu. Asiyetofautisha hizo mbili ataandika kwamba kazi imetenguliwa, na msomaji atamtafuta aliyeiharibu, ilhali hakuna hata aliyeianza.