Afadhali dharura iliyotangazwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni haki kwa Serikali kujitwalia madaraka ya dharura baada ya maafa, na mfano mliotoa ni Uturuki, ambako tetemeko la Februari 6, 2023 lilifuatiwa na tangazo la hali ya hatari la miezi mitatu katika mikoa 10. Jibu lilinijia kabla sijamaliza kulisoma swali: hapana. Katika mikoa ile wamo Wakurdi wengi, kabila la wachache nchini humo, na Waalevi, waumini wa madhehebu ya wachache, watu ambao hata kabla ya ardhi kutikisika hawakuwa na imani kubwa na wakubwa wa Ankara, na malalamiko yao kwamba vijiji vyao vilichelewa kufikiwa na misaada yalisikika mapema. Mtandao wa Twitter nao ulibanwa kwa muda, katika siku zilezile ambazo watu walikuwa wakiutumia kuomba waliofukiwa na vifusi waokolewe.

Hata hivyo naomba nianzie chini zaidi ya Rais, kwa yule aliyeshika daftari la majina wakati unga unagawiwa.

Wasomaji wa Kilwa hawajasahau mafuriko ya Januari 2020. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliojitolea katika shule moja ya msingi iliyogeuzwa kambi, na kijiji chenyewe sitakitaja, kwa kuwa wahusika wangali hai na tunasalimiana. Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa huku kusini, tunaishi na Wabarabaig na Wasukuma, wachache katikati ya Wamatumbi, Wangindo na Wamachinga, na ugomvi wa mashamba na malisho haujaisha hadi leo. Siku ya ugawaji mwenyekiti aliketi kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakiwa yamembana, na mbele yake kulikuwa na daftari la wakazi ambalo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimelowa na kushikana. Anayesomwa jina anapimiwa unga na maharage na kupewa blanketi. Asiyesomwa anasogea pembeni.

Mzee mmoja Mbarabaig, shuka lake limejaa tope hadi kiunoni, alisimama mbele ya dawati lile akiwa na wakeze wawili na watoto. Jina lake halikuwamo. Hakupaza sauti. Alitoa mfuko wa nailoni kifuani, akaufungua taratibu, akapanga juu ya dawati stakabadhi za ushuru wa mifugo na za mchango wa zahanati, kila moja ikiwa na mhuri wa kijiji hichohicho. Mwenyekiti alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Mzee wangu, hizi ni stakabadhi za ng'ombe, si za mtu." Watu wakacheka, na nadhani hata yeye hakukusudia kuchekesha. Mzee aliuliza, "Nani ameamua hivyo, mwenyekiti?" Akajibiwa kuwa maelekezo yametoka juu. Mtendaji wa kata, aliyekuwa amesimama mlangoni akikwepa matone ya mvua, akasema kuwa kamati ndiyo iliyoamua, na kwamba hali ni ya dharura, hakuna muda wa kuanza kuhakiki mtu mmoja mmoja. Wajumbe wawili wa kamati hiyohiyo walikuwapo pale wakipima unga, nao wakasema wao wamepewa orodha tu. Jioni wafugaji waligawiwa kilichobaki, na blanketi zilikuwa zimekwisha. Yule mzee alizikusanya stakabadhi zake na kuzirudisha kwenye mfuko kwa mpangilio uleule, za ushuru chini, za zahanati juu.

Nimekaa na kisa hiki miaka mingi nikikitumia kama hoja ya kupinga madaraka ya dharura. Sasa ninapokiandika ninaona kwamba siku ile hapakuwa na hali ya hatari yoyote iliyotangazwa. Ibara ya 32 ya Katiba yetu inamruhusu Rais kuitangaza katika nchi nzima au sehemu yake, hata kwa sababu ya tukio la balaa au baa la kimazingira, lakini Spika lazima aitishe Bunge kabla ya siku 14 kupita, na azimio liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hakuna lolote la namna hiyo lililomgusa mzee yule. Watu wa Mtwara nao wanaikumbuka Mei 2013, wakati wa sakata la bomba la gesi, wananchi walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na wanajeshi walipoingia mjini bila ya tangazo la aina hiyo. Na mkuu wa wilaya, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 hata katika siku ya jua kali. Kwetu neno dharura linatumika kila mwaka, ila halina karatasi, halina aliyelitia sahihi, wala halina siku ya kwisha.

Uturuki, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa na karatasi. Bunge lilipiga kura, mikoa ilitajwa, na muda ukamalizika siku chache kabla ya uchaguzi wa Mei 14. Mkurdi wa Adıyaman, mmojawapo wa mikoa ile, alijua wa kumlaumu.

Kwa hiyo, kinyume na nilivyoanza, ninasema ndiyo, itangazwe. Sizungumzii amri za kuokoa roho kwa siku moja mbili, kama Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia na watu wa pwani ya Mtwara wakaambiwa waondoke mabondeni. Hizo zisisubiri Bunge. Wala sisemi kwamba tangazo peke yake lingempatia yule mzee blanketi. Lingefaa tu iwapo wachache wa eneo husika wangekuwa na mjumbe wao katika kamati ya maafa ya kijiji tangu kabla ya mvua, na iwapo kila anayenyimwa angepewa sababu kwa maandishi, pamoja na jina la aliyeamua. Mawili hayo yakikosekana, jibu langu linarudi kuwa hapana.

Msomaji, Lindi