Mwanangu na besiboli: maswali ya wazazi kuhusu timu za kusafiri, makocha na njia ya chuo

Agosti ndio mwezi wa majaribio kwa timu nyingi za besiboli za kusafiri hapa Marekani, yaani timu za kulipia zinazokwenda mashindano mji hadi mji, na ndio mwezi ambao wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huniandikia zaidi. Wengi wetu tumekulia kwenye kandanda, watoto wamekuja kuupenda mchezo huu shuleni, na tunaombwa fedha nyingi kwa jambo ambalo hatukulelewa nalo. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Mwanangu ana miaka 10. Anacheza ligi ya mtaa na anaipenda mno. Kocha wa timu ya kusafiri amemwona, anataka tulipe dola 2,800 kwa mwaka, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Anasema tukichelewa mtoto ataachwa nyuma. – Mama, Houston

Dada yangu, Ijumaa na ipite. Hakuna mtoto wa miaka 10 aliyekosa chuo kwa sababu mamake aliomba wiki moja ya kufikiri. Kocha anayekukimbiza kwenye malipo leo, kesho atakukimbiza kwenye mambo mazito zaidi, na nitayataja kwenye jibu linalofuata.

Hizo dola 2,800 ni za kuvukia kizingiti tu. Mashindano mengi yana sharti la malazi: timu inayotoka mbali hulazimika kulala kwenye hoteli zilizoteuliwa na waandaaji, hata kama una binamu anayeishi jirani na uwanja. Getini utalipa kiingilio kumtazama mwanao mwenyewe. Gongo la kupigia mpira nalo lina siasa yake. Ligi nyingi za mtaa zinataka lenye muhuri wa USA Baseball, chama cha besiboli cha taifa; mashindano mengi ya kusafiri hukubali lenye muhuri wa USSSA, shirika la mashindano ya vijana; na akifika sekondari atahitaji lenye kipimo kiitwacho BBCOR. Jipya la kisasa linaweza kufika dola 400, na mtoto anakua, la mwaka huu halimfai mwakani. Kisha ongeza petroli, chakula cha njiani, na zamu za Jumamosi utakazoziacha kazini. Hizo zamu ndizo zinazoumiza familia zetu kuliko ada yenyewe, na sijaona kocha anayezitaja.

Ukitaka kuijua timu, nenda katazame mechi zao mbili bila kumwambia mtu. Kaa upande wa benchi. Tazama ni watoto gani hawajaingia uwanjani tangu asubuhi, na kocha anawasemesha vipi wanapokosea. Hapo utajifunza mengi kuliko kwenye ukurasa wa timu wenye picha za vikombe.

Kwa umri huo, mimi ningemwacha kwenye ligi ya mtaa. Anahitaji kushika gongo mara nyingi na kucheza kila nafasi, na vyote anavipata karibu na nyumbani. Tena uko Houston: hapo pana akademia ya vijana ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na mafunzo yake ni bure. Nyingine ziko Dallas, Kansas City, Cincinnati, New Orleans, Philadelphia, Washington na Compton. Ipo pia programu ya RBI, iliyoanza Los Angeles mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wa mijini wasio na uwezo, na sasa ina matawi katika miji mingi. Anzia huko. Akifika miaka 13 au 14 akiwa bado anaota besiboli usiku na mchana, niandikie tena.

Kijana wangu ana miaka 13, ni mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Anachezea timu mbili. Wikiendi iliyopita alirusha mipira kama 60 Jumamosi na timu moja, na Jumapili akarusha tena na nyingine. Anasema kiwiko kinamuuma kidogo. Kocha anasema ni kawaida, mkono unazoea. – Baba, Columbus, Ohio

Ndugu yangu, mpumzishe leo. Usisubiri mwisho wa mashindano. Maumivu ya kiwiko kwa mrushaji wa miaka 13 si mazoea. Mifupa yake bado inakua, na sehemu ile ya ukuaji ni dhaifu kuliko kano zinazoivuta. Mpeleke kwa daktari wa watoto, umwambie waziwazi kwamba mtoto ni mrushaji, na uombe akuelekeze kwa daktari wa michezo.

Miongozo ipo, na haina siri yoyote. MLB na USA Baseball waliitoa mwaka 2014 kwa jina la Pitch Smart. Kwa miaka 13 na 14, kikomo ni mipira 95 kwa siku. Lakini linalosahaulika ni mapumziko: akirusha 21 hadi 35 apumzike siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, na 66 au zaidi siku 4. Kwa hiyo mwanao aliyerusha 60 Jumamosi hakupaswa kurudi kwenye kilima cha mrushaji kabla ya Jumatano. Miongozo hiyo pia inataka angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na inakataza mrushaji kuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira, siku hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye hurusha mchana kutwa.

Timu mbili ndipo mtego ulipo. Kila kocha anahesabu mipira yake tu, hakuna anayejumlisha. Mwenye kujumlisha ni wewe. Nunua kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa dole gumba, bei yake haifiki dola 10, na kila usiku uandike kwenye daftari tarehe, timu na idadi. Ukifika uwanjani na daftari hilo, mazungumzo na kocha hubadilika.

Jifunze pia kumsoma mtoto. Mrushaji aliyechoka hutikisa mkono kati ya mpira na mpira. Hukunja na kukunjua vidole, kisha huvuta kofia chini ili kocha asimwone usoni. Kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega, mipira inaanza kupaa juu ya mdakaji. Watafiti wa Birmingham, Alabama, walichapisha mwaka 2006 ulinganisho wa vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa mkono na wasiofanyiwa. Waliokuwa wakirusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji. Waliokuwa na kawaida ya kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36. Soma namba hiyo ya pili polepole.

Utasikia wazazi wakisema upasuaji wa Tommy John hurudisha mkono ukiwa na nguvu kuliko mwanzo. Ni uongo, na unaharibu watoto. Dakta Frank Jobe alimfanyia Tommy John, mrushaji wa ligi kuu, upasuaji huo mwaka 1974 ili kuokoa kazi ya mtu mzima aliyechanika ligamenti ya kiwiko. Kupona kwake huchukua mwaka mmoja au zaidi, na si kila mmoja anarudi alivyokuwa.

Najua tumelelewa kutombishia mwalimu. Heshima hiyo ni njema, ibaki. Lakini unaweza kumwambia kwa adabu: “Kocha, leo harushi, ameelekezwa na daktari apumzike.” Akinuna, umeshamjua. Na hizo timu mbili, chagua moja.

Binti yangu amenionyesha barua pepe ya kaka yake aliye darasa la 9. Chuo kikubwa kinasema kimekuwa kikimfuatilia na kinamwalika kwenye kambi ya siku mbili, dola 375. Tufurahi? – Mama, Minneapolis

Mfurahi kidogo, halafu msome tena. Je, barua inataja mechi aliyocheza, nafasi yake, jina la kocha wake? Au inaanza na “Mpendwa mwanamichezo” na kuishia na kitufe cha kulipia? Barua za aina hii hutumwa kwa maelfu, na kambi ni njia mojawapo ya chuo kupata fedha. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziruhusu makocha wa besiboli wa Divisheni I, ngazi ya juu kabisa, kuzungumza na kijana habari za kumsajili kabla ya Agosti 1 ya kuingia darasa la 11. Kwa hiyo mtoto wa darasa la 9 hajachaguliwa na mtu. Kama chuo kiko karibu na kambi ni ya kujifunza, aende. Kupanda ndege kwa ajili yake, hapana.

Kocha wa timu ya kijana wangu ana mwanawe kwenye timu hiyohiyo. Mwanawe anacheza kila mechi. Wangu anakaa benchi. Niseme? – Baba, Phoenix

Aseme kijana mwenyewe. Kama ana miaka 12 na kuendelea, amfuate kocha siku ya mazoezi, kamwe si baada ya mechi, na aulize: “Nifanye nini ili nicheze zaidi?” Jibu likiwa la kitu cha kufanyia kazi, vumilieni. Likiwa la kupitisha muda, malizeni msimu mliolipia kisha muage vizuri. Jamii ya makocha ni ndogo, wanapigiana simu.

Kijana wangu yuko darasa la 11, mpigaji mzuri. Mimi natoka Uvira, nafanya kazi kiwandani. Kocha wake ametuambia akikaza atapata chuo bure kabisa. Tumeshatumia akiba yetu yote kwa safari zake. Je, ni kweli? – Baba, Des Moines

Baba, nakuheshimu kwa ulichojinyima, kwa hiyo nitakwambia bila kupaka sukari. Kwa besiboli, chuo bure kabisa ni nadra sana, na kilikuwa nadra hata zamani. Hadi msimu wa 2024-25, timu nzima ya Divisheni I iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu, ukagawanywa vipande kwa wachezaji wengi. Tangu 2025-26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyofunguliwa na wanamichezo kuhusu malipo, havina kikomo hicho tena, ila kikosi chao hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 34. Kuruhusiwa kulipia wote 34 si sawa na kuwa na fedha za kuwalipia. Na nafasi zenyewe kijana wako anagombania na wanaume wa miaka 21 na 22 wanaohama kutoka vyuo vingine, ambao kocha hahitaji kuwasubiri wakomae. Katika kila wachezaji 100 wa besiboli wa sekondari, takriban 7 huingia timu za NCAA za ngazi zote tatu. Wa Divisheni I ni takriban 2.

Mlango haujafungwa. Vyuo vya Divisheni III havitoi ufadhili wa michezo hata senti, lakini hutoa msaada kwa alama nzuri na kwa kipato kidogo cha familia, na kwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani huo unaweza kuzidi kipande cha ufadhili wa besiboli. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kaeni naye jioni moja mjaze. Kama mna green card, jazeni pia mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo.

Kuna na vyuo vya miaka miwili, ambavyo watu wetu huvidharau bila sababu. Albert Pujols alikuja Marekani akitokea Jamhuri ya Dominika akiwa kijana wa sekondari, akacheza Maple Woods, chuo cha jamii cha Kansas City, akachaguliwa na timu ya ligi kuu raundi ya 13 mwaka 1999. Alimaliza kazi yake na homuruni 703, yaani mapigo ya kumpa mpigaji mzunguko mzima. Simfanyi kipimo cha mwanao, maana wa aina yake hawazaliwi kila mwaka. Ninachotaka uone ni kwamba ada ya chuo cha jamii ni nafuu, vingi vina ufadhili, na kijana anapata miaka miwili ya kukua.

Na ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024. Kinachohesabika sasa ni mkataba wa msaada wa fedha wenye sahihi ya chuo, uliotaja kiasi na muda. Akiba iliyobaki, isitoke tena kwa safari.

Kuna wakala anataka dola 3,000 amtangaze mpwa wangu kwa makocha wa vyuo. – Shangazi, Atlanta

Usilipe. Video ya dakika tatu iliyopigwa kwa simu, ikionyesha akipiga, akidaka na akikimbia, pamoja na alama zake za shule, anaweza kuituma mwenyewe. Makocha hupenda barua ya mtoto kuliko ya wakala.

Mwanangu alisoma kidato cha kwanza na cha pili Kenya. Tulipofika hapa shule ilimrudisha darasa la 9 kwa sababu ya Kiingereza. Anacheza vizuri sana. Kuna la kuangalia? – Mama, Dallas

Lipo, Mama, na ni kubwa kuliko yote niliyoulizwa leo. Kwa Divisheni I, NCAA huhesabu miaka minne ya sekondari tangu mtoto alipoingia kwa mara ya kwanza darasa linalolingana na la 9, popote duniani. Kidato cha kwanza cha Kenya kinaweza kuwa ndicho kilichowasha saa hiyo. Ndani ya muda huo anatakiwa amalize masomo 16 ya msingi, 10 kati yake kabla ya kuanza mwaka wa mwisho, kwa wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Madarasa mengi ya Kiingereza cha wageni hayahesabiwi. Kila sekondari ina orodha ya masomo yake yaliyoidhinishwa na NCAA, iko wazi mtandaoni.

Omba miadi na mshauri wa shule wiki hii, mfungue orodha hiyo pamoja, mlinganishe na ratiba ya mwanao somo kwa somo. Andikia shule ya Kenya ikupe matokeo ya kila muhula yenye muhuri, wakati mwalimu mkuu anayemkumbuka bado yuko. Wenzetu mliotoka Kongo na Burundi, vyeti vya Kifaransa vitahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza iendayo pamoja na nakala ya asili. Kijana akiwa bado darasa la 9 au la 10, pengo la masomo linazibika kwa darasa la kiangazi. Likigunduliwa darasa la 12, chuo cha miaka miwili ni njia mojawapo iliyobaki, na wengi wamepita hapo wakafika.